Darubini ya vioo viwili, milimita 130: kioo kizuri, leza ya kutupa

Niliinunua Mei kwa laki tisa, ikaja Dodoma kwenye buti la basi. Usiku wa kwanza hapa Nkuhungu niliielekeza kusini, upande wa barabara ya Iringa, nitazame Alpha Centauri, ambayo kwa kweli ni nyota mbili zilizokaribiana. Nikaona doa moja lenye mkia. Safari ilikuwa imevipindisha vioo.

Muuzaji alinipa leza ya kunyooshea vioo, nikaiamini, mambo yakazidi kuharibika. Mwishowe nikapigilia misumari minne kwenye ubao, nikailaza leza juu yake na kuizungusha taratibu. Kidoa chekundu kwenye ukuta, mita tano mbele, kilichora duara la upana wa sarafu ya shilingi 200. Leza yenyewe ilikuwa imepinda! Kukuuzia kipimo kibovu ni kukuharibia usiku mzima.

Nikarudia njia ya zamani: kizibo cha plastiki chenye tundu katikati. Kioo kidogo kina skrubu tatu, kikubwa kina jozi tatu. Unakaza robo mzunguko, unachungulia, unalegeza. Kisha unavuruga fokasi kidogo kwenye nyota angavu. Pete za mwanga zikikaa katikati ya wenzake pande zote, umemaliza. Ilinichukua saa mbili.

Tangu hapo nawaheshimu sana mafundi wa James Webb, ile darubini kubwa iliyoko angani. Kioo chake kina vipande 18, na mwanzoni mwa 2022 nyota moja iliwatokea kama vidoa 18. Walisogeza kipande kimoja kimoja wajue kidoa kipi ni cha nani. Hata vidoa vyote vilipokaa mahali pamoja kazi ilibaki, maana vipande visipolingana kimo kwa usahihi wa nanomita, una darubini ndogo 18 zinazotazama nyota moja, si darubini moja kubwa. Na SALT, darubini kubwa ya ardhini kule Sutherland, Afrika Kusini, ina vipande 91!

Jumamosi iliyofuata vijana wangu wa Kidato cha Tatu waliichungulia Alpha Centauri kwa zamu, na kila mmoja alisema bila kuulizwa: ziko mbili.

Kasoro nyingine: stendi inatikisika kwa upepo wetu wa jioni, na bomba la fokasi ni plastiki, linacheza. Ila kioo kikubwa ni safi mno kwa bei hiyo. Nunueni, leza mwachieni muuzaji, na kila mkiisafirisha kwa bodaboda kagueni vioo upya kabla giza halijaingia.