Globe ya London: kata tiketi ya kusimama, usiogope

Ukifika London na unapenda maigizo nenda Shakespeare's Globe, iko kusini mwa mto Thames jirani kabisa na jumba la sanaa la Tate Modern, ukivuka daraja la Millennium kutokea kanisa la St Paul's unaliona jumba jeupe la mviringo lenye paa la nyasi. Na tiketi kata ya kusimama. Najua mtu atasema nitoe hela yangu halafu nisimame karibu masaa matatu, lakini nisikilize kwanza.

Jumba lenyewe si la zamani, ni mfano wa ile Globe ya enzi za Shakespeare, limefunguliwa 1997, alilipigania miaka mingi mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker na akafariki 1993 kabla halijaisha, inauma kweli. Limejengwa kwa mbao za mwaloni zimeshikwa kwa vigingi vya mbao, na paani kuna mabomba ya kuzimia moto maana Globe ya kwanza iliungua 1613, walifyatua mzinga katikati ya mchezo, cheche zikashika nyasi likateketea lote.

Kabla ya mchezo fanya ile ziara ya kutembezwa ndani, hapo ndipo nilipomwelewa Shakespeare. Shuleni tulimjua kama mshairi tu wa kukaririwa, kumbe jamaa alikuwa mtafutaji haswa, mtoto wa mshona glavu wa Stratford, kaoa ana miaka 18, kafika London akawa mwigizaji na mwandishi. Sasa kundi lake lilikuwa na ukumbi mtaa wa Shoreditch kwenye ardhi ya kupanga, mwenye ardhi akaleta shida ya mkataba, basi Desemba 1598 wakaenda wakabomoa jengo lao ubao kwa ubao, wakavusha mbao ng'ambo ya mto na 1599 Globe ikasimama. Shakespeare alikuwa na hisa mle, kama asilimia 10 hivi. Yaani mtu anaandika mchezo, anaigiza, na mapato ya mlangoni anagawiwa! Nyumba kubwa kwao Stratford alishainunua 1597, hata kabla ya Globe, na mwishowe akaenda kumalizia maisha huko, akafariki 1616.

Haya, mchezo. Mimi niliona Julius Caesar, ambao sisi Watanzania tunaujua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mtalii mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba aliuona London Septemba 1599, yaani mwaka uleule Globe iliposimama. Ukisimama uani, pale pa wazi mbele ya jukwaa, uko puani mwa waigizaji, mwanga ni uleule kwenu na kwao, wanakuangalia machoni. Antony alipoanza kuhutubia juu ya maiti ya Caesar alikuwa anatuhutubia sisi, sisi ndio wananchi wa Roma, dada mmoja pembeni yangu akaitikia kwa sauti na Antony akamgeukia yeye akaendelea naye, nywele zikanisimama. Waliokaa juu kwenye siti za bei mbaya hili hawalipati hata kidogo.

Tiketi ya kusimama kwa miaka mingi imekuwa pauni 5, siku hizi nyingine zinapanda, lakini bado ni rahisi mno kwa London. Cha kuzingatia, mwamvuli hauruhusiwi uani na juu ni wazi, mvua ikinyesha inakunyeshea, beba koti la mvua. Kukaa chini wakati mchezo unaendelea pia hawaruhusu. Wahi foleni ushike ukingo wa jukwaa uegemee, au ukuta wa nyuma. Wenye mgongo mbovu, wajawazito na wazee wetu wachukue siti tu, ila mabenchi ni mbao tupu, kodi mto wa kukalia na uangalie usiwekwe nyuma ya nguzo. Kiingereza chake ni cha kale, soma hadithi kabla hujaenda na utafuata vizuri tu.

Mimi nawapa tano kwa tano. Na 2012 walileta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili tukapewa Wanawake wa Heri wa Winsa (The Merry Wives of Windsor), kundi lilitoka Kenya. Mwenye kufuatilia mambo ya huko, wakirudisha kitu kama kile tushtue mapema jamani, ua wote tuujaze sisi.