Vipimo vya kutafuta kisukari kwa watu wazima, kipi kinastahili hela yake?

Wengi wanalinganisha bei ya kipimo tu, wakati cha kuangalia ni umetumia sh ngapi mpaka ukampata mgonjwa mmoja ambaye alikuwa hajijui. Mwaka 2021 watu wazima wenye kisukari walikadiriwa kuwa milioni 537 duniani na karibu nusu yao walikuwa hawajui, kwa hiyo hapa hatuongelei vitu vidogo jamani.

Stripu za mkojo nyota 1. Ndio bei yake iko chini, hakuna kutobolewa, ila sukari kwa kawaida haitoki kwenye mkojo mpaka ya damu ipite kama 10 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu), na kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala, sasa fikiria mtu anaumwa kabisa stripu inamwambia uko fiti anaenda zake nyumbani.

Kutoboa kidole muda wowote bila kufunga, nyota 3, ni haraka na unaweza kupima watu wengi ila majibu yanategemea umekula saa ngapi, na ikisoma juu bado lazima uende maabara kuhakikisha.

Ile ya kunywa glukosi gramu 75 halafu unasubiri masaa mawili inakamata watu ambao sukari ya asubuhi kabla ya kula inawaficha, hilo naikubali sana, lakini kwa kupima umati inakula muda wa wahudumu na watu wengi hawana nafasi ya kukaa pale. Nyota 3.

Sukari ya kufunga ya maabara nyota 4. Bei ya kawaida, inaaminika, shida yake ni masaa 8 bila kula, anayefika ameshakunywa chai yenye sukari inabidi arudi siku nyingine na wengine ndo hawarudi tena.

HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, haihitaji kufunga na inaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, WHO (Shirika la Afya Duniani) waliikubali kwa kutambua kisukari mwaka 2011, kuanzia asilimia 6.5. Ila ni ghali kuliko ya kufunga, na kwa mwenye sikoseli, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni inaweza kudanganya, huyo mpimeni sukari yenyewe. Nyota 4 kwa wengine.

Nyota 5 nazitoa kwa dodoso! Lile la Finland la mwaka 2003, FINDRISC, lina maswali 8: umri, uzito ukilinganishwa na urefu, kiuno, mazoezi, mboga na matunda, dawa za presha, kama uliwahi kuambiwa sukari iko juu, na ndugu wenye kisukari. Unahitaji karatasi, mzani na futi ya fundi nguo. Halipimi ugonjwa, linachuja nani atolewe damu, na hapo ndo hela inapookolewa maana maabara inapokea wenye hatari tu. Ila lilitengenezwa kwa Wafini, vipimo vya kiuno na alama za kuamua nani ana hatari lazima virekebishwe kwa watu wengine, msilichukue kama lilivyo.

Majibu yakiwa safi kabisa rudia baada ya miaka 3, aliyeko mpakani (sukari imepanda ila haijafika kisukari) kila mwaka. Kurudia rudia watu walewale wenye majibu mazuri kila baada ya miezi michache ni hela ambayo ingewanunulia dawa waliokwisha kupatikana.