Kuua bakteria au kuwaziba masikio?

Swali hili huibuka kila ninapokaa na wanafunzi wa maabara hapa Kisumu: tutafute dawa zinazoua bakteria, au zinazowanyima habari, yaani zinazoziba protini wanazotumia kuhisi ishara za mazingira yao?

Kwa uhakika, za kuua ziko mbele sana. Penisilini iligunduliwa 1928 na bado inatibu. Mtoto anayewaka homa wodini hawezi kungoja nadharia. Za kuziba ishara bado ziko maabara.

Kwenye usugu, yaani bakteria kutodhurika tena na dawa, mizani inageuka. Bakteria aitwaye salmonela ana protini iitwayo PhoQ, inayohisi kwamba amemezwa na seli ya kinga, kisha inamwamsha ajihami. Enterokoki sugu, bakteria wa utumbo, hutumia VanS, protini nyingine ya kuhisi, kutambua dawa ya vankomisini na kuwasha jeni za usugu. Ukiiziba VanS, dawa ya zamani huenda ikapata makali tena, na hapo ndipo matumaini yangu yalipo. Tena wanyama hawana mifumo ya kuhisi ya aina hii, kwa hiyo dawa ingeweza kumlenga bakteria pekee, ingawa vizuizi vingi vya mwanzo, yaani kemikali za kuziba protini hizo, vilishika protini nyingine ovyo.

Gharama? Kuunda dawa yoyote mpya ni ghali.

Daktari wa zamu ashike ya kuua. Mtafiti kijana mwenye subira achimbue ishara. Anayepambana na vijidudu sugu huenda siku moja akahitaji zote mbili kwa pamoja.