Bunduki ya Kubeba Kwenye Pikapu ya Shamba: Ipi Inafaa kwa Bei ya Kadiri?

Ndugu watazamaji, karibuni. Kabla sijasema lolote kuhusu bunduki hizi tatu mnazoziona mezani, naomba mtazame pamoja nami: zote zimefunguliwa, chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ni tupu, na risasi ziko katika chumba kingine. Nitarudia ukaguzi huu kila ninaponyanyua moja na kuiweka, hata kama niliishika dakika moja iliyopita, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na sijaona sababu ya kuacha.

Ninafanya kazi katika ranchi ya ng'ombe kusini mwa Texas. Sehemu kubwa ya siku yangu hupita ndani ya pikapu, nikitoka lango moja kwenda jingine, nikikagua nyaya, mabirika ya maji na ndama waliozaliwa usiku. Katika kazi hiyo bunduki ni kifaa kama koleo na winchi. Nguruwe pori wanaweza kufukua malisho kwa usiku mmoja hadi ukadhani trekta limepita, koyoti, mbwa mwitu wadogo wa Amerika, huwanyemelea ndama wachanga, na mara mojamoja hutokea ng'ombe aliyevunjika mguu ambaye si haki kumwacha ateseke hadi daktari wa mifugo afike. Tangu Septemba 2019, jimbo la Texas halidai leseni ya uwindaji kwa anayewaua nguruwe pori katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi, na hilo peke yake linaonyesha ukubwa wa tatizo.

Wengi mnaoishi Marekani mmeniuliza kama mgeni anaruhusiwa kununua. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni, akijaza fomu namba 4473 na kukaguliwa rekodi zake. Aliye na viza ya muda isiyo ya uhamiaji, kwa mfano ya masomo, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kosa hili ni la jinai, na linaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini, kwa hiyo muulizeni mwanasheria kabla ya muuza duka. Watazamaji wa Kenya na Tanzania, kwenu jambo hili linaanzia kwenye leseni na linakwenda kwa sheria zenu. Ninayoyasema hapa ni ya ranchi za Marekani.

Ndani ya Marekani yenyewe sheria hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Pennsylvania, kwa mfano, hairuhusu kubeba ndani ya gari bunduki ndefu iliyojazwa risasi. Zaidi ya hayo, sheria ya shirikisho inazuia bunduki karibu na shule, ndani ya umbali wa futi 1,000, ingawa iliyo tupu na kufungiwa kwenye kasha imeruhusiwa. Anayetoka ranchini na kupitia shuleni kumchukua mtoto anapaswa kulijua hilo.

Sasa tuzitazame zenyewe. Hii ya kwanza ni Ruger American, toleo linaloitwa Ranch. Ruger walianza kuuza bunduki za American mwaka 2012 kwa lengo la kuwapa wawindaji kitu cha bei nafuu, na Ranch ni ndugu yake mfupi. Mtutu wake una inchi 16 na nukta kidogo, yaani sentimita 41 hivi. Urefu huo una sababu: sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inaihesabu bunduki ya aina hii yenye mtutu usiofika inchi 16 kuwa silaha ya kusajiliwa kwa utaratibu wa pekee, na mtengenezaji amesimama juu kidogo tu ya mstari huo. Kwa jumla haifiki mita moja, uzito wake ni karibu kilo 2.7, na inalala nyuma ya kiti cha pikapu bila kugusa mlango.

Jambo ninalolipenda zaidi ni komeo lake. Kila risasi huingizwa kwa kulivuta na kulisukuma kwa mkono, na mkono wa komeo hunyanyuka nyuzi 70 tu, hivyo haugongi darubini iliyo juu yake. Barabara zetu ni za changarawe, na vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo, linapenya hata kwenye kasha lililofungwa. Bunduki inayojijaza yenyewe hutegemea gesi au mrejesho wa risasi kusukuma vyuma vyake, na vumbi likichanganyika na mafuta inaanza kusitasita. Komeo la mkono linasukumwa na msuli wako. Vilevile, ukilivuta nyuma na kuondoa magazini, kile kikasha kinachoshika risasi, unaiona chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole, na kwa kitu kinachoingia na kutoka garini mara kumi kwa siku, wepesi huo wa kuhakikisha kwamba ni tupu ndio ulioniamulia.

Kitako chake ni cha plastiki ngumu. Mikononi hakina fahari ya mti wa jozi, lakini hakipasuki kwa joto wala hakivimbi kwa unyevu, na mikwaruzo haimuumizi mtu moyo.

Kuhusu risasi naomba tukae kidogo, maana hapa makosa yanaweza kuua. Hii yangu inatumia risasi ya ukubwa unaoitwa .223, ambayo hupatikana kila mji, ina bei nafuu, haipigi bega, na inamtosha koyoti kabisa. Kwa nguruwe mkubwa dume ningependa risasi nzito zaidi, na Ranch hutengenezwa pia kwa .300 Blackout na kwa 7.62x39, ile ile ya bunduki za Kirusi inayojulikana Afrika nzima. Lakini .300 Blackout imetokana na ganda la .223, na magazini yake huweza kuwa ile ile. Ikiingia kimakosa katika bunduki ya .223, mara nyingine komeo hufunga kama kawaida, na ukifyatua, risasi yenye kipenyo kikubwa inajaribu kupita kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda na bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Kwa hiyo ndani ya pikapu yangu inaingia risasi ya aina moja tu. Mfanyakazi mwenzangu akipanda na bunduki ya .300, risasi zake zinabaki nyumbani au zangu zinabaki.

Ya pili ni Savage Axis. Hii ndiyo ya gharama ndogo kuliko zote mezani. Toleo la msingi, jipya, mara nyingi linapatikana kwa karibu dola 400, na kwa kulenga haioni haya mbele ya bunduki za bei mara mbili yake. Kasoro yake kwa kazi yetu ni urefu. Hii ina mtutu wa inchi 22, inapita mita moja, na kuitoa nyuma ya kiti kunadai nafasi. Kifyatulio cha toleo la msingi ni kizito. Ukiongeza pesa kidogo unapata Axis II, yenye kifyatulio kinachorekebishika, na ningekushauri uziongeze.

Ya tatu ni ya mzee mmoja jirani yetu, Winchester 94 ya risasi za .30-30, iliyobuniwa na John Browning na kuanza kuuzwa mwaka 1894. Ni nyembamba, bapa, haina magazini inayochomoza chini, na kwa vizazi vingi ilikaa kwenye magari ya wafugaji na kabla yake kwenye matandiko ya farasi. Naiheshimu sana. Hata hivyo bei zake zimepanda kwa sababu watu wanazikusanya, na ili uondoe risasi zote zilizo katika bomba chini ya mtutu, kwa muundo huu unalazimika kuzipitisha chemba moja moja. Kwa mtu anayelazimika kuitoa risasi kila anapokaribia barabara kuu, hilo linachosha, na mtu aliyechoka huruka hatua.

Nimeichagua Ranch. Lakini bei niliyoihesabu si ya bunduki peke yake. Magari ndiyo mahali panapoongoza Marekani kwa bunduki kuibwa, na kioo cha pikapu huvunjika kwa sekunde chache. Kwa hiyo nilinunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, nikakifunga kwa boliti kwenye sakafu chini ya kiti cha nyuma, na waya wa kufuli unapita ndani ya nafasi ya magazini hadi kwenye chuma cha kiti. Sikubandika kwenye kioo stika ya kampuni yoyote ya bunduki, maana stika hiyo humwambia mwizi pa kuanzia. Jioni bunduki inaingia nyumbani, kwenye kabati la chuma. Nina watoto, na katika Texas mtu mzima anayeacha bunduki iliyo tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaifikia anatenda kosa, ingawa mzazi hahitaji sheria kumwambia hilo. Kama pesa zako hazitoshi Ranch pamoja na kisanduku, nunua Axis pamoja na kisanduku.

Kuilaza nyumbani kuna faida nyingine. Ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Julai joto linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na risasi hazipendi kukaa humo kwa miezi. Wakati wa baridi tatizo ni umande: chuma kilichopoa kikiingia kwenye joto kinalowa. Mwaka wangu wa kwanza niliirudisha ikiwa imelowa ndani ya kasha lenye sponji, nikaisahau hadi Jumatatu, na nikakuta mtutu una madoa ya kutu. Tangu siku hiyo naiacha wazi kabatini kwanza, naifuta kwa kitambaa chenye mafuta, kisha ndiyo naifunga.

Limebaki la mtikisiko. Leo asubuhi, baada ya wiki tatu za changarawe, nilipiga risasi tatu kwenye shabaha ya yadi 100, kukiwa na ukingo wa udongo nyuma yake. Karatasi ni hii hapa: matundu matatu yamekaa pamoja, ila yote yamehamia kushoto karibu sentimita nne. Skrubu moja ya mbele ya darubini ilikuwa imelegea. Nimeikaza, nimesawazisha upya, na karatasi hii ya pili inaonyesha matundu yamerudi katikati.