Nililipia matembezi ya kongamano kule Rhodes, kisiwa cha Ugiriki. Haya ndiyo yaliyonilipa

Fomu ya kujisajili ilikuwa na visanduku vinne chini kabisa: matembezi ya mji mkongwe (yamo kwenye ada), Lindos nusu siku, kisiwa jirani cha Symi siku nzima kwa boti, na karamu ya kuagana. Nikatia tiki vyote. Mtu akishalipiwa nauli na chuo hujiona tajiri. Kumbe chuo kimelipa nauli na ada tu; vile vitatu vya mwisho vilinitoka mfukoni mwangu, euro 185.

Kongamano lenyewe lilikuwa la watu wa mmomonyoko wa fukwe, siku nne za mwisho wa Septemba, katika hoteli kubwa upande wa Ixia. Ukumbi mzuri, kiyoyozi cha kugandisha samaki. Hayo yanatosha, maana ninachotaka kukisema ni kuhusu yale matembezi. Sisi tunaotoka mbali hatuna uhakika wa kurudi tena kule, na waandaaji wanalijua hilo.

Nianze na la bure, maana ndilo lililokuwa bora. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, leseni inaning'inia shingoni, na alijua kunyamaza, sifa ambayo waongozaji wengi hawana. Alitupitisha kwenye Mtaa wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wale wapiganaji wa kidini wa Kikristo waliokitawala kisiwa tangu 1309 mpaka Sultani Suleiman wa Uturuki alipowatoa 1522. Kila kundi kwa lugha yake lilikuwa na nyumba yake pale: Wafaransa, Wahispania, Waitaliano. Juu kabisa kuna kasri la Mkuu wao. Mama akatuacha tupige picha tushibe, kisha akatuambia kwamba kasri la asili liliharibika vibaya baruti ilipolipuka mwaka 1856, na hili tulilokuwa tunalipiga picha lilijengwa upya na Waitaliano miaka ya mwisho ya 1930. Hata zile nakshi za vijiwe sakafuni nyingi zilichukuliwa kisiwa cha Kos. Nilimpenda kwa kutuharibia picha zetu.

Viatu: vaeni vya soli nene. Njia nyingi zimetandikwa kokoto za bahari zilizosimamishwa wima, na mwenzetu mmoja aliyekuja na visigino alimaliza matembezi kavishika mkononi. Mimi mtoto wa Malindi, Unguja, vichochoro nimevizoea, lakini kokoto zile zilinipeleka mchakamchaka.

Kasoro yake ni moja. Tulipofika Msikiti wa Suleiman, ule wa rangi ya waridi, mama alionyesha kwa kidole, akasema mwaka, tukaendelea. Ng'ambo ya njia nikaona mlango mdogo wenye maandishi ya Kiarabu juu yake. Kesho yake, baina ya vikao viwili (msimwambie mkuu wa idara), nikarudi peke yangu. Ni maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyowekwa wakfu mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Ua wake una kivuli na sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe. Nilimtolea salamu mzee aliyekuwa amekaa pale, akaniitikia kwa utulivu, kana kwamba wanawake wa Kizanzibari hupita kila siku. Baadaye nikauliza imekuwaje Waislamu wakabaki kisiwani, wakati Ugiriki na Uturuki walibadilishana watu mwaka 1923. Jibu ni kwamba wakati huo Rhodes haikuwa ya Ugiriki. Ilikuwa mikononi mwa Waitaliano tangu 1912, na Wagiriki walikuja kuipata baada ya Vita Kuu ya Pili. Hili halikuwemo kwenye ratiba yetu yenye rangi nne.

Wala halikuwemo la Mtaa wa Wayahudi. Nilikwenda na mwenzangu kutoka Lubumbashi, aliyekuwa na sababu zake. Sinagogi la Kahal Shalom ni la mwaka 1577, na pembeni yake kuna makumbusho madogo. Kabla ya vita vijana wengi wa Kiyahudi wa Rhodes walikwenda kutafuta maisha Kongo, hasa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Moïse Katumbi, mwanasiasa wa Kongo aliyewahi kuwa gavana wa Katanga, asili ya baba yake ni hapa. Waliobaki walikusanywa na Wajerumani Julai 1944, zaidi ya watu 1,600, wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na waliosalimika ni kama 150 tu. Mwenzangu alisimama mbele ya majina ya familia ukutani, anayasoma moja moja kwa sauti ya chini. Baadhi alikuwa ameyaona tangu utoto juu ya milango ya maduka ya kwao. "Dada," akaniambia, "hawa ni watu wa mjini kwetu." Tulikaa pale saa nzima. Kikao cha mchana kilitupita, na mpaka leo sijui kilizungumza nini.

Lindos sasa. Ni mji mdogo wenye ngome ya kale juu ya mwamba, kama kilomita 50 kusini, na msilipie kifurushi. Basi la abiria la KTEL linatoka mjini karibu na soko jipya linakufikisha, nauli haifiki hata robo ya nilichotoa. Basi letu la kifahari lilisimama njiani kwenye duka la vyungu dakika 40 (anayejua biashara ya utalii anajua kwa nini), tukafika jua liko utosini. Juani hivyo ndipo tulipoambiwa kwamba tiketi ya kuingia ngomeni haimo kwenye bei. Ngazi ni kama 300. Punda wapo wa kukupandisha. Nikawatazama mgongoni, nikaenda kwa miguu. Ugiriki ina kanuni ya tangu 2018 kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake, lakini sikuona mizani pale chini, na wageni wengine walikuwa wameshiba haswa.

Ila juu kule kuna kitu. Kabla ya ngazi ya mwisho, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu ya vita imechongwa kwenye mwamba, kubwa, yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Wenzangu waliipita mbio kwenda kwenye hekalu la Athena. Mimi nilikaa naye yule fundi. Aliyeichonga alikuwa anaijua merikebu, hakuhadithiwa.

Kwa Symi, toeni pesa bila kujiuliza. Boti iliondoka asubuhi na mapema, na upepo ulikuwepo. Maprofesa wawili wa mawimbi walitapika, nami sikucheka sana. Kisha boti ikakata kona na bandari ikajifungua: nyumba za rangi ya manjano, udongo na buluu zimepangana mlimani kama viti vya kiwanjani. Mji huu ulijengwa na pesa za sifongo. Wanaume walizamia wakiwa wamekumbatia jiwe bapa la kuwavuta chini, na lilipokuja vazi la kuzamia lenye kofia ya chuma wakashuka kina kirefu zaidi, wengi wakapooza au kufa kwa kupanda juu haraka. Anayetoka kwenye visiwa vya wapiga mbizi hawezi kuusikia mkasa huo akaendelea kulamba aiskrimu.

Mchana tulikula kamba wa Symi, wadogo, wanakaangwa na maganda yao na kuliwa wazima wazima. Fikiria uduvi aliyekwenda shule. Baadaye tukasimama Panormitis, kwenye monasteri ya Malaika Mikaeli, ambako mabega na magoti lazima yafunikwe. Walioshuka na kaptula walihangaika mlangoni. Mimi nilikuwa na doti nzima ya kanga mkobani: pande moja likaenda kwa Mpolandi, la pili kwa Mbrazili, nami na baibui langu nikapita mbele.

Nimebakisha karamu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Euro 70 kati ya zile 185 ni zake. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika: sili nguruwe, sinywi pombe. Ikaja sahani ya mishikaki. Nikamuuliza mhudumu, akaenda jikoni, akarudi: nguruwe. Akaichukua kwa adabu na kuniletea matango, nyanya na kipande cha jibini, na wakati wenzangu wanaletewa chupa ya tatu ya divai tuliyoilipia sote sawa, mimi nilikuwa namalizia maji. Ngoma za kienyeji zilikuwa nzuri, siwezi kuwanyima haki yao wale vijana. Lakini saa tatu na nusu niliondoka na rafiki yangu wa Lubumbashi na wengine wawili tukateremka mjini, tukakuta mkahawa mdogo wa viti vya ukili wanakaanga pitaroudia, ambazo ni bajia za dengu zenye nanaa, moto moto. Tulipomaliza, mwenye mkahawa akatuletea vipande vya melekouni, ufuta na asali, ambayo huku kwao ni ya harusini. Kashata ya ufuta kabisa. Bili ya watu wanne haikufika euro 40.

Waandaaji niliwaandikia kuhusu karamu. Wamenijibu kwamba maoni yangu yamepokelewa.