Sustanon 250 kwa anayevimba miguu: dawa nzuri, ratiba mbaya

Sustanon 250 ni sindano ya kuaminika kwa mwanaume ambaye testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, imepimwa asubuhi zaidi ya mara moja ikakutwa chini, na dalili anazo. Kazi yake inaifanya. Kasoro yake kubwa iko kwenye ratiba iliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa: ampuli nzima kila baada ya wiki tatu. Wengi wanaosema sindano "imewajaza maji" wanateswa na ratiba hiyo kuliko na dawa yenyewe, na ndiyo maana tunaitathmini hapa kwa upande wa maji tu.

Ampuli moja ina mililita 1 ya mafuta, na ndani yake testosteroni ya aina nne: propionati miligramu 30, fenilpropionati 60, isokaproati 60 na dekanoati 100. Ukitoa uzito wa viambata, testosteroni halisi inabaki miligramu 176. Mafuta yenyewe ni ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga au soya asidungwe kabisa. Nia ya mchanganyiko huu ilikuwa nzuri: zile za muda mfupi zianze kazi haraka, ile ya muda mrefu iendeleze. Lakini kwenye damu mambo huenda hivi: kati ya saa 24 na 48 homoni hupanda hadi karibu nanomoli 70 kwa lita, wakati mwanaume mwenye afya kwa kawaida hapiti sana 30. Kisha inashuka, na kufika siku ya 21 imerudi kwenye mpaka wa chini.

Maji yanaingia kwa njia mbili. Kwanza, testosteroni yenyewe huifanya figo ishike sodiamu, na sodiamu ikibaki maji hubaki nayo. Pili, sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estradioli, homoni ya jamii ya estrojeni, na kazi hiyo hufanyika sana kwenye mafuta ya mwili. Estradioli nayo huchangia kushika maji. Ndiyo sababu mwenye kitambi kikubwa huvimba kuliko mwembamba ingawa wamedungwa kipimo kilekile, na ndiyo sababu siku za kilele zina uzito kuliko wastani wa wiki tatu nzima.

Kabla ya kuilaumu dawa, hakikisha ni maji kweli. Keti kitandani asubuhi kabla ya kushusha miguu, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, sentimita chache juu ya kifundo, ushikilie sekunde 15. Ukiachia kidole na shimo likabaki, hayo ni maji. Lisipobaki asubuhi lakini likaonekana jioni, uvimbe bado ni mdogo, ni maji yanayoteremka miguuni kwa kusimama mchana kutwa. Alama ya soksi peke yake haithibitishi kitu, wala uso mzito wa asubuhi baada ya usiku wa nyama choma na chumvi ya pembeni. Mzani ndio shahidi bora: jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile, uandike uzito na tarehe ya sindano kwenye daftari moja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito ukiruka ndani ya siku mbili tatu baada ya sindano kisha ukashuka wiki ya pili, umepata jibu. Ukipanda polepole kwa miezi bila kurudi, fikiria misuli au mafuta kwanza.

Kilo moja au mbili za wiki za mwanzo, zinazotulia zenyewe, hazitishi kwa mwenye moyo, figo na ini salama. Zisipotulia, cha kwanza kujadili na daktari ni kuigawa dozi. Nusu ampuli kila siku 10 inakupa karibu jumla ileile ya dawa, ila kilele kinapungua sana. Madaktari wengi wanaoshughulika na homoni hufanya hivyo, ingawa karatasi ya dawa haisemi. Hapa ndipo Sustanon inapokera: ampuli ni ya kioo na ya kutumika mara moja. Ukishaivunja shingo, mililita 0.5 iliyobaki inatupwa. Kuihifadhi kwenye bomba la sindano hadi wiki ijayo ni kukaribisha jipu kwenye kalio. Kwa hiyo anayegawa dozi analipia dawa mara mbili, na gharama hiyo ihesabiwe mapema.

Mpinzani wake wa karibu ni Nebido: testosteroni undekanoati miligramu 1,000 kwenye mililita 4 za mafuta ya mbarika. Sindano ya pili hutolewa baada ya wiki 6, zinazofuata kila wiki 10 hadi 14. Mawimbi yake ni mapana na tulivu, na kwa mtu wa kuvimba hilo ni faida ya wazi. Ubaya ni kwamba ukivimba huwezi kuitoa. Utasubiri wiki nyingi ishuke yenyewe. Tena inataka kudungwa polepole sana, dakika mbili hivi, na mgonjwa aangaliwe baadaye, kwa kuwa mafuta yakipenya kwenye mshipa huleta kikohozi cha ghafla na kubanwa pumzi. Jeli ya kupaka kila siku, kama Testogel, ndiyo tunayoiweka mbele kwa mwenye historia ya presha au miguu inayovimba kirahisi: ukiacha leo, ndani ya siku chache kiwango kimeshuka. Ila wenye watoto wadogo nyumbani wawe makini, kwa sababu jeli huhamia kwenye ngozi ya mwingine. Paka mabegani, iache ikauke, vaa shati, nawa mikono kwa sabuni.

Tunasisitiza jambo moja, maana linaumiza watu. Usinunue Lasix, dawa ya kukojoza maji, duka la dawa ili kukausha maji haya. Testosteroni huongeza chembe nyekundu. Lasix hupunguza maji ya damu. Ukiviunganisha, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inapanda zaidi na damu inakuwa nzito. Hematokriti ikivuka asilimia 54 matibabu husimamishwa. Vivyo hivyo anastrozoli, kidonge cha saratani ya matiti ambacho vijana wa jimu hugawiana ili kushusha estradioli. Mwanaume anaihitaji estradioli kwa mifupa na kwa hamu ya tendo. Ikishushwa mno viungo vinauma, hamu inakufa na mifupa inadhoofika. Dozi ya testosteroni ikiwa sahihi, kidonge hicho mara nyingi hakina kazi ya kufanya.

Angalia pia dawa nyingine unazomeza. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu hata bila homoni yoyote. Diklofenaki na ibuprofeni hushikilia chumvi kwenye figo, na ni watu wengi wanaozimeza kwa maumivu ya mgongo bila kuzihesabu kuwa dawa. Prednisoloni hali kadhalika. Kwenye chakula, lengo la Shirika la Afya Duniani ni chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa kwenye viungo vya pakiti, achari na samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Kunywa maji kidogo hakusaidii, punguza chumvi.

Vipimo viwe hivi: presha nyumbani kila wiki, hematokriti kabla ya kuanza, kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka, kreatinini (kipimo cha figo) kwa mwenye kisukari au presha. Testosteroni ya Sustanon ipimwe siku ya sindano inayofuata, kabla ya kudungwa. Ukipima siku ya pili utaona namba ya kutisha isiyokuambia kitu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, hayo si maji ya homoni. Huenda ni damu iliyoganda, na hospitali ni leo. Pumzi kukatika ukilala chali, au uzito kuongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, vivyo hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini akivimba, sindano inayofuata haipigwi mpaka daktari amwone.

Mwisho ni manunuzi. Sustanon hughushiwa sana, na ampuli bandia inaweza kuwa na kipimo chochote, hivyo hesabu zote za juu zinavunjika. Nunua kwa cheti cha daktari kwenye famasi iliyosajiliwa, linganisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho kwenye ampuli na kwenye boksi. Itunze chini ya nyuzi 30, mbali na mwanga. Usiiweke kwenye friji. Kwa joto la Mombasa au Dar, kabati la chumba chenye kivuli linafaa, dashibodi ya gari hapana.