Seti ya Lewis na Clark ya 1814 niliyouziwa kama "kamili"

Sitaeleza kwa kirefu Lewis na Clark, wapelelezi wa Marekani waliovuka bara hadi Bahari ya Pasifiki na kurudi, wala walipita wapi. Hayo yapo kila mahali. Naandika kwa sababu ya neno moja, "kamili", ambalo muuzaji aliliweka kwenye tangazo la seti ya 1814, yaani kitabu cha safari yao, kile kilichochapwa Philadelphia kwa juzuu mbili. Miezi imepita na nikilikumbuka damu bado inanichemka.

Kwa kitabu hiki kamili ni hivi: juzuu ya kwanza ina kurasa 470 mbali na zile za mwanzo zenye namba za Kirumi, ya pili 522, michoro midogo mitano, na ramani moja kubwa ya kukunjua yenye upana wa kama sentimita 70. Niliyoletewa ina vyote isipokuwa ramani. Mahali pake pamebandikwa kopi.

Mikunjo ndiyo iliyoisaliti. Ramani iliyofunguliwa na kufungwa kwa miaka 200 huchoka pale mikunjo inapopishana. Ukiiinua dirishani unaona vitundu kama vya sindano, na mara nyingi kuna mpasuko unaoanzia kwenye mshono, kwa sababu uzito wote huvutia hapo. Hii ilikuwa nzima kama shuka jipya. Halafu rangi: karatasi ya zamani hugeuka kahawia kuanzia kingoni, inakofikiwa na hewa na mwanga, lakini hii ilikuwa kahawia ileile kila pembe, mbele na nyuma, hadi ndani ya mikunjo, kama iliyolowekwa kwenye chai. Ukurasa unaotazamana nayo haukuwa na kivuli chochote cha wino, ambacho ramani ya zamani huacha ikikaa miaka mingi imebanwa kitabuni. Nikachukua lenzi ya kukuza mara kumi. Ramani halisi ilichongwa kwenye shaba na Samuel Harrison, na mstari wa shaba huwa mweusi mfululizo, umeinuka juu ya karatasi kiasi cha kuuhisi kwa kidole. Mimi niliona vidoti vilivyopangwa safu kwa safu. Ni kazi ya ofseti, uchapaji wa mashine za kisasa! Karibu na ziwa lililoandikwa Eustis, maandishi madogo ya njia aliyopita John Colter, mmoja wa watu wa msafara ule, mwaka 1807 yameshikana, hayasomeki.

Nilipomuuliza muuzaji, akajibu kwamba maneno yote yapo na ramani "ni pambo tu, hakuna anayeisoma". Pambo? Baada ya kurudi mwaka 1806, William Clark alikaa St. Louis akiikamilisha ramani hiyo kwa habari za wawindaji wa manyoya, mpaka mwishoni mwa 1810 alipoituma kwa Nicholas Biddle, aliyekuwa akiandaa kitabu. Kabla yake, wachora ramani waliichukulia Milima ya Rocky kama ukuta mmoja mwembamba: unabeba mitumbwi kidogo, unashukia upande wa pili. Clark ndiye aliyeonyesha milima nyuma ya milima. Maneno yalipita kwenye kalamu ya Biddle, ambaye hakusafiri. Ramani, ingawa Samuel Lewis ndiye aliyeinakili kwa ajili ya mchongaji, ni akili ya mtu aliyefika.

Lakini niseme haki. Karatasi ya seti hii, iliyotengenezwa kwa matambara ya nguo, bado ni laini, na herufi zimeiuma hadi unazihisi upande wa pili. Madoa ya kahawia yapo, nayo ni kawaida kwa karatasi ya Marekani ya wakati ule. Ningetilia shaka zaidi nakala nyeupe pee, maana huenda imeoshwa kwa dawa. Mchoro wa maporomoko makubwa ya mto Missouri ni halisi, tena mzuri mno. Seti zisizo na ramani ni nyingi sokoni na si aibu kuziuza, mradi isemwe wazi na bei ishuke. Kwa hiyo muuzaji alipokubali kupunguza bei nilikuwa tayari kubaki nayo, na nyota tatu ningempa katika tathmini yangu.

Kisha nikaanza kuibandua ile kopi. Gundi ya wanga hulegea kwa unyevu kidogo. Hii ilikuwa gundi nyeupe ya dukani, inang'ang'ania. Chini yake kuna kipande cha karatasi ya zamani, upana wa kidole cha mwisho, kingo imenyooka kama iliyopigwa rula. Karatasi iliyochanika kwa uchovu hainyooki hivyo. Huo ni wembe. Na juu ya kipande hicho kumebaki mstari mweusi wa fremu ya ramani, umeinuka, wa shaba kabisa.

Kwa hiyo ramani ilikuwamo. Mtu aliikata, na zikikatwa huuzwa peke yake, zikatundikwa ukutani. Simsemi muuzaji kwamba ni yeye. Ila aliyebandika kopi juu ya kipande kile alikiona, na anayeandika "kamili" ana wajibu wa kufungua na kutazama. Nyota zile tatu nazifuta, inabaki moja, na seti nimeirudisha kwa nauli yangu.

Mnaotaka kununua, ombeni picha tatu kabla ya kulipa: ramani ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, ukurasa unaotazamana nayo, na mahali inapoingia mshononi, kwa karibu kiasi cha kuuona uzi.